Niache kuimba kwaya mpaka niwe msafi?

SWALI: Mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wawili, karani wa hesabu katika kampuni ya ujenzi. Kanisani ninaimba kwaya, tena ni katibu wa idara ya akina mama. Kazini, vibarua wakija kudai malipo yao bosi huniagiza niwaambie amesafiri, naye yumo ofisini mwake. Mara nyingine naandika stakabadhi kwa tarehe za nyuma, na akiniona nasita husema, "Ni karatasi tu hiyo." Nikifika nyumbani nimechoka, nawafokea watoto na binti anayenisaidia kazi, halafu asubuhi naweka mstari wa Biblia kwenye stetasi ya WhatsApp. Wiki iliyopita mwenzangu wa ofisini aliusoma akacheka: "Wewe na mistari yako." Tangu hapo sina amani. Najiona mnafiki. Je, niache kwaya na uongozi mpaka maisha yangu yanyooke? Na nikimkatalia bosi akanifukuza, watoto watakula nini?

JIBU: Asifiwe sana, dada yangu. Nianze na hilo la kwaya, maana ndilo lililokusukuma kuandika na ndilo jepesi kuliko mengine. Usiache. Ukipumzika kwa sababu nyingine, na nitaitaja moja huko mbele, sawa. Lakini usijitoe kwa kuwa umejiona huna usafi wa kutosha kusimama mbele za watu. Tukiweka sharti hilo kwaya nzima itabidi ishuke, nami nishuke mimbarini nyuma yao. Yohana alikuwa akiwaandikia watu waliokwisha kuamini aliposema, "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe, wala kweli haimo mwetu." Anayengoja anyooke ndipo amwimbie Mungu ameufanya wimbo kuwa tuzo ya wema wake, na sijui ni wimbo gani wa Kikristo unaoweza kuimbwa hivyo.

Yesu mwenyewe aligusa jambo lililo karibu sana na lako. Katika Mathayo 5:23-24 anamzungumzia mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka palepale kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Haambiwi aitupe sadaka. Haambiwi pia aitoe upesi, hayo mengine atayaona baadaye. Anaambiwa aiache hapo, aende apatane na ndugu yake kwanza, kisha arudi aitoe. Kinachotangulia ni mtu fulani aliyekosewa, mwenye uso na jina. Jinsi mwenye sadaka anavyojisikia moyoni haikutajwa kabisa. Basi kabla ya mazoezi ya kwaya, badala ya kujiuliza kama umestahili, jiulize nani ana neno juu yako na umelifanyia nini neno hilo. Wenye neno juu yako umenitajia wewe mwenyewe bila kuulizwa: vibarua, watoto wako na huyo binti. Tutawafikia.

Kwanza hilo la unafiki, kwa sababu umejihukumu nalo na watu wengi wema huchanganya mambo hapa. Kupungukiwa na kile unachokiamini bado si unafiki. Unafiki huanza pale mtu anapoyapanga maisha yake ili upungufu usionekane, tena avune sifa juu yake. Anania na Safira katika Matendo 5 waliuza mali, wakazuia sehemu ya fedha, wakaleta iliyobaki kana kwamba ndiyo yote. Petro aliwaonyesha wazi kwamba mali ilikuwa yao, na hata baada ya kuuzwa fedha zilikuwa mikononi mwao. Wangeleta nusu wakasema ni nusu, pasingekuwa na kesi. Walitaka sifa ya waliotoa vyote huku wakilipa gharama ya waliotoa kiasi.

Sasa mtazame Petro huyohuyo katika Wagalatia 2. Kule Antiokia alikuwa akila meza moja na waamini wasio Wayahudi. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo akaanza kujitenga, kwa kuwaogopa waliotahiriwa. Wengine wakamfuata, hata Barnaba akachukuliwa. Paulo aliuita unafiki bila kupunguza neno, akamkabili mbele ya wote. Hata hivyo Petro hakuvuliwa utume. Alikosea kwa hofu, akaambiwa usoni, kazi ikaendelea.

Nikisoma barua yako namwona Petro zaidi kuliko Anania. Hujatafuta sifa, unaogopa. Mchana unamwogopa mtu anayeweza kukufukuza, na jioni hofu hiyo inawatokea kwa makelele wale wasioweza kukufukuza.

Kuhusu mwenzako aliyecheka: huenda ilikuwa kejeli, lakini alichosema kina kweli ndani yake, na kweli haipungui kwa kusemwa kwa mzaha. Mfuate mkiwa wawili, umwambie kwa maneno yako mwenyewe jambo kama hili: "Ulichosema juzi kiliniuma kwa sababu ni kweli. Kuna mambo nayafanya hapa ambayo hayalingani na ninayoyaamini, na nimeanza kuyashughulikia." Ishia hapo, usimhubirie. Petro, alipotuagiza tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, aliongeza kwamba tujibu kwa upole na kwa hofu, tukiwa na dhamiri njema. Sehemu hiyo ya pili huwa tunaisahau tukishapata mtu wa kumjibu. Na stetasi? Kuweka mstari si dhambi. Lakini Mathayo 6 inataja sadaka, sala na kufunga, na mara zote tatu inamtaja Baba aonaye sirini. Nyamaza huko kwa mwezi mmoja, uendelee kusoma Biblia yako kama kawaida. Ukijikuta unaumia kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba leo umesoma, utakuwa umejijua kidogo zaidi.

Nyumbani, nina jambo ambalo pengine hukulitarajia kwa mchungaji. Hebu zihesabu jioni zako. Ofisi, watoto wawili, mazoezi ya kwaya, vikao vya idara, mihtasari ya vikao hivyo, kisha Jumapili nzima kanisani: unapumzika saa ngapi? Amri ya Sabato katika Kutoka 20 haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mnyama na mgeni aliye malangoni. Kanisa linapomchosha mama hata watoto wakabaki kupewa makombo ya nguvu zake, kanisa limekosea. Wachungaji hatupendi kulisema hilo kwa sauti, kwa kuwa wa kujitolea ni wachache na mwenye bidii ndiye huongezewa kazi. Kwa hiyo ile sababu niliyosema nitaitaja ni hii: chagua kwaya au ukatibu, na hicho kingine ukiweke kando kwa mwaka mmoja. Nakushauri ubaki na kwaya, maana huko unaimba, na kule unaandika mihtasari baada ya kushinda na makaratasi mchana kutwa. Ukiaga, toa sababu ya kweli, kwamba umechoka na wanao wanakuhitaji. Usiseme Mungu amekuongoza ujiuzulu kama hakukuongoza. Uongo wa kiroho ni rahisi kuliko ule wa ofisini kwa sababu hauna mkaguzi.

Watoto hawadai mama asiyekosa. Wanachohitaji ni mama ambaye akikosa hulisema kosa lake. Usingoje siku maalumu wala kikao cha familia. Leo jioni mwambie mmoja mmoja: "Jana nilikufokea. Nilikosea. Nisamehe." Usiweke "lakini" baada ya hapo, wala usieleze jinsi siku ilivyokuwa ngumu, kwa kuwa mtoto akipewa maelezo hayo huyabeba kama mzigo wake. Yakobo alishangaa kwamba kinywa kilekile kinamhimidi Mungu na kuwalaani watu waliofanywa kwa mfano wake. Wanaokusikia ukifanya yote mawili chini ya paa moja ni hao watoto, na ndio watakaoamua, wakiwa wakubwa, kama ile imani ilikuwa kitu au la.

Kulikuwa na mtawa wa Karmeli huko Paris, Ndugu Lawrence, aliyefariki mwaka 1691. Kwa miaka mingi alipangiwa jikoni, kazi ambayo kwa tabia yake hakuipenda. Alikuja kusema kwamba saa za kazi kwake hazikutofautiana na saa za sala. Wengi humtumia kuwahubiria akina mama kwamba vyombo vichafu ni vitamu. Mimi sikuahidi hivyo. Ninachokiona kwake ni kwamba hakuongeza ibada nyingine juu ya siku iliyokwisha kujaa. Alizungumza na Mungu ndani ya kazi aliyokuwa nayo, kwa maneno machache, akisahau na kuanza tena bila kujichapa. Wewe unazo zile dakika kabla ya kufungua mlango wa nyumbani. Simama hapo. Mtaje bosi wako mbele za Mungu kwa jina, mwachie Yeye, ndipo uingie. Siku nyingine itasaidia, siku nyingine utafoka vilevile na itabidi uombe radhi tena.

Huyo binti pia muombe radhi, tena mbele ya watoto kama ulimfokea mbele yao. Hukuniambia unamlipa lini. Nakuuliza kwa sababu inahusiana moja kwa moja na ofisini kwako. Kama mshahara wake nao huchelewa kwa visingizio, anzia hapo kabla hujamwendea bosi na neno lolote.

Sasa vibarua. Katika barua yako wamepita haraka, kana kwamba ni sababu tu ya wewe kusema uongo. Maandiko yanawatanguliza wao. Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza mwajiriwa maskini alipwe siku yake hiyohiyo, jua lisichwe kabla hajapewa, kwa kuwa moyo wake umeutumainia ujira huo. Yakobo ni mkali zaidi: ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na kelele zake zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kama shida ingekuwa ulimi wako tu, tungetafuta maneno yasiyo uongo, mathalani "hawezi kuonana nawe sasa", tukaridhika. Lakini kibarua angerudi kwake mikono mitupu vilevile, wewe dhamiri yako ikiwa imetulia. Kuna watu Yesu aliwakemea kwa kulipa zaka za mnanaa, bizari na jira huku wakiacha adili na rehema. Usafi wa maneno unaomwacha mtu bila ujira wake unaelekea hukohuko. Neno lako "amesafiri" ndilo komeo la mlango ule. Bosi ameufunga, lakini komeo ni wewe.

Je, ina maana uache kazi? Sioni hivyo, angalau si kwanza. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na watoza ushuru wafanye nini, hakuwaambia waache ofisi zao. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari nao aliwaambia wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watoshewe na mishahara yao. Hao ni watu waliokuwa ndani ya mfumo mbovu kuliko kampuni yenu. Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, na humo humo aliwaficha manabii mia moja wa Bwana, hamsini hamsini katika pango, akawalisha chakula na maji. Angejiuzulu kwa ajili ya usafi wake, nani angewalisha? Naye Naamani, jemadari wa Shamu, akirudi kwao baada ya kupona ukoma, alimweleza nabii Elisha kwamba itambidi aingie na bwana wake katika nyumba ya Rimoni, mungu wa kwao, na kuinama humo. Elisha alimjibu aende kwa amani. Wahubiri wengi huruka kisa hicho, nadhani kwa sababu kinatunyima jibu jepesi.

Upande wa pili yuko Tertullian wa Carthage, mwalimu wa kanisa la Afrika Kaskazini mnamo mwaka 200. Kulikuwa na Wakristo waliochonga sanamu za miungu kwa riziki, wakajitetea kwamba hawana njia nyingine ya kuishi. Aliwauliza kama kwani ni lazima waishi. Mimi singethubutu kumwambia hivyo mama wa watoto wawili. Lakini ana haki katika jambo moja: ziko kazi ambazo dhuluma ndiyo kazi yenyewe, na huko hakuna namna ya kuwa mwaminifu isipokuwa kutoka. Ukarani wa hesabu haumo katika hizo. Nyumba zinahitaji kujengwa na hesabu zinahitaji mtu wa kuziandika sawasawa. Kwa hiyo baki kwanza. Mambo mengi yanayotendeka katika kampuni ile huna uwezo nayo, na hutadaiwa. Utadaiwa kile kinachoandikwa na mkono wako na kutamkwa na kinywa chako.

Atatokea mtu wa kukuambia kwamba hata Biblia ina waongo waliobarikiwa. Ni kweli, wakunga Shifra na Pua walimdanganya Farao kuwaokoa watoto wa Waebrania, na Rahabu wa Yeriko alidanganya kuwaokoa wapelelezi wa Israeli. Augustino, askofu wa Hippo, aliandika vitabu viwili juu ya uongo na hakuuruhusu hata mmoja, hata wa kuokoa maisha. Wakristo wengine, nami nikiwamo, tunaona alikaza mno. Ila huhitaji kuumaliza mjadala huo ili ujue msimamo wa jambo lako. Wale wanawake walisema uongo kuwaficha wanyonge wasionwe na mwenye nguvu. Wewe unatumwa kumficha mwenye nguvu asionwe na wanyonge.

Na hilo la "ni karatasi tu" lina historia ndefu kanisani. Mwaka 250 kaisari Decius aliamuru watu wote watoe dhabihu kwa miungu mbele ya maofisa na wapewe hati ya kuthibitisha. Baadhi ya hati hizo, zilizoandikwa kwenye mafunjo, zimepatikana Misri. Wakristo wengine walitoa dhabihu. Wengine walikataa wakafungwa au kuuawa. Kundi la tatu lilijipatia hati kwa fedha bila kutoa dhabihu yoyote, likajifariji kwamba halikuabudu sanamu, limenunua karatasi tu. Mateso yalipopungua, Cyprian askofu wa Carthage na wenzake walikutana mwaka 251 kuamua la kufanya. Hawakusema karatasi ni kitu bure, kwa sababu ilitangaza jambo kwa jina la mtu aliyeibeba. Lakini pia hawakuwafungia mlango watu wale. Waliwapokea baada ya kupima jambo la kila mmoja, na kwa wepesi kuliko waliotoa dhabihu. Napenda jinsi walivyoshika yote mawili.

Anayefanana nawe zaidi, hata hivyo, ni John Woolman. Alizaliwa mwaka 1720 huko New Jersey, mshiriki wa jumuiya ya Kikristo ya Marafiki, ambao wengi huwaita Quaker. Akiwa kijana, karani wa dukani, mwajiri wake alimwambia ghafla aandike hati ya kumuuza mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa wake. Mnunuzi alikuwa amesimama anasubiri, tena ni mtu mwenye umri mkubwa, mshiriki wa jumuiya yao hiyohiyo. Woolman aliandika. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba alikubali kwa udhaifu. Lakini hati ilipokuwa ikikamilishwa moyo ulimchoma, akasema mbele ya mwajiri na mnunuzi kwamba anaamini kumiliki watumwa hakupatani na dini ya Kikristo. Muda fulani baadaye mtu mwingine alimwomba amwandikie hati ya mtumwa. Akakataa kwa upole, akieleza kwamba moyo wake hautulii kuiandika. Maisha yake yaliyobaki aliyatumia kwa sehemu kubwa kuwasihi Marafiki wenzake, nyumba kwa nyumba, wawaache huru watumwa wao. Alifariki mwaka 1772. Mwaka 1776 mkutano wa mwaka wa Marafiki huko Philadelphia uliwakataza wanachama wake kumiliki watumwa. Mara ya kwanza mkono ulishindwa, ila mdomo haukuficha. Mara ya pili mkono nao ukagoma. Kwako naomba iwe hivyo.

Usimkabili bosi kibarua akiwa mlangoni. Hapo atakuona umemwaibisha na hatasikia kitu. Mwombe nafasi asubuhi tulivu, na uanze na fedha, kwa sababu huko ndiko kwenye dhuluma yenyewe na ndiko kwenye utaalamu wako. Mpelekee orodha: nani anadai, kiasi gani, tangu lini. Ambatanisha pendekezo la kuwalipa kwa awamu kulingana na fedha unazoziona zikiingia. Huenda hana; wakandarasi wengi nao husubiri kulipwa na waliowapa kazi. Kama ndivyo, vibarua waambiwe hivyo na wapewe tarehe. Kisha mwambie yako: "Kuanzia sasa sitaweza kusema umesafiri ukiwa upo. Nitawaambia huwezi kuonana nao leo, na nitawapa siku utakayonitajia." Usimtajie jehanamu. Usimwambie yeye ni mwenye dhambi. Sema wewe hutaweza kufanya nini na utafanya nini badala yake.

Juu ya tarehe, uwe makini kutofautisha. Kuandika leo hati ya malipo yaliyofanyika mwezi uliopita si kosa, mradi iwe na tarehe ya leo na maelezo kwamba malipo yalifanyika siku fulani. Makarani hufanya hivyo kila wakati. Kosa ni kuifanya hati ionekane iliandikwa siku ambayo haikuandikwa, hasa ikiwa kuna anayedanganywa kwa njia hiyo: mkaguzi, mamlaka ya kodi, benki au mshirika wa biashara. Basi una cha kumpa bosi: "Nitaiandika leo, kwa tarehe ya leo, na maelezo yake." Asipokubali hilo, utakuwa umejua alichokuwa akikihitaji kwenye ile karatasi. Kumbuka kwamba saini ni yako. Siku ikiulizwa, kusema uliagizwa kutaeleza ilivyokuwa, lakini huenda kusikukinge. Zile ulizokwisha kuandika usizirekebishe kwa siri, usiziharibu, wala usibebe nyaraka za kampuni nyumbani ukidhani unajilinda.

Nikifukuzwa je? Umeniuliza kwa uwazi, nami nitajibu hivyohivyo: inawezekana. Wapo watakaokuhakikishia kwamba ukisimama na Mungu utapata kazi yenye mshahara mara mbili. Mimi sina ahadi hiyo ya kukupa, na wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli mbele ya tanuru ya moto hawakuwa nayo. Walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakasema, "Bali kama si hivyo." Kwa hiyo jiandae kama mtu anayejua kwamba huenda isiwe hivyo. Anza sasa kutuma maombi kwingine, ukiwa bado na kazi. Weka akiba hata ndogo kabla ya kuomba nafasi ya kuonana na bosi. Wiki chache za kujipanga si woga, mradi usiendelee kuzisogeza. Kama kuna mtu mnayesaidiana naye gharama za nyumba, asilisikie jambo hili kwa mara ya kwanza siku ya barua ya kufukuzwa.

Na kanisa? Tunawahimiza watu wasimame imara makazini, lakini ni makanisa machache yaliyotenga fungu kwa ajili ya mtu aliyepoteza kazi kwa sababu alikataa kusema uongo. Vyombo vya muziki vina fungu. Kabla hujakabidhi ukatibu, lipeleke jambo hili kwenye kikao cha idara yenu, bila kutaja habari zako kama hutaki, muone mnaweza kuweka nini.

Mwisho, tafuta mtu mmoja wa kumwambia yote haya kwa mdomo. Yakobo anaagiza tuungamiane dhambi zetu na kuombeana, na barua kwa mchungaji usiyemwona haitoshi kwa hilo. Usilipeleke kwenye kundi la maombi la kwenye simu. Jambo la ofisini likiingia huko halina mwenyewe tena. Chagua mwanamke mtu mzima, asiyefanya kazi kwenu, ambaye umewahi kumwambia siri ikakaa. Mwambie siku utakayomwona bosi ili akuulize jioni yake ilikwendaje. Na kwa hizo stakabadhi zilizokwisha kuandikwa, muone mwanasheria kabla ya kumwendea bosi, ukiwa na orodha ya tarehe unazozikumbuka, uliyoiandika wewe mwenyewe.